Kuendesha Mikutano na Makongamano Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo vijana wanaotaka kuingia kazi hii huniuliza, wengine kwa simu, wengine pembeni mwa ukumbi huku nikihesabu viti. Nimeyajibu vile ninavyoyajibu uso kwa uso.

Kazi hii ni nini hasa? Si ni ileile ya kuandaa arusi?

Jamaa zangu hadi leo wanaamini ndivyo. Na kusema kweli, aliyekulia Mombasa ameshajifunza nusu ya kazi bila kujua. Umeona kamati ya arusi ikikaa barazani. Unajua nani anashika pesa, nani anamfuata pishi, nani anakodi turubai na viti, na nani kazi yake ni kupiga kelele tu. Mtu aliyewahi kuhakikisha masinia ya biriani yamefika kwa wanaume kabla ya adhana ya alasiri hatatishwa na chai ya saa nne ya wahasibu.

Tofauti iko kwenye hesabu. Shughuli ya nyumbani haina idadi. Watu wakizidi, sinia la watu sita linakaliwa na wanane na maisha yanaendelea. Kwenye kongamano kila sahani ina bei, kila beji ina jina, na asiyekuja analipiwa vilevile. Halafu kuna saa. Arusi ikichelewa saa mbili, watu wanapiga soga. Kongamano likichelewa saa mbili, mada mbili zimekufa, na mmoja wa watoa mada ana ndege ya jioni.

Kazi yako basi ni kulichukua lengo la watu wengine, wawe madaktari, wakuu wa shule au chama cha ushirika, na kuligeuza kuwa tarehe, ukumbi, ratiba, bajeti, na watu walioketi mahali pao kwa wakati wao.

Nisomee wapi?

Chuo cha utalii kinachojulikana zaidi nchini ni Kenya Utalii College, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor (wazee bado wanakiita MIOME, au Poli) na Kenya Coast National Polytechnic vina masomo ya hoteli na utalii. Kabla hujalipa karo, omba orodha ya masomo uisome. Unatafuta mambo matatu: uhasibu wa kimsingi, sheria ya mikataba, na huduma ya vyakula na vinywaji. Kozi ikiwa imejaa upambaji wa meza na rangi za vitambaa, hiyo itakufaa kwa arusi.

Ushauri ambao vijana hawaupendi: ukikosa kozi ya makongamano, soma uhasibu. Mapambo utayaona kwa macho ndani ya mwezi mmoja. Kusoma ankara ya hoteli yenye kurasa nne huchukua muda zaidi.

Je, vyeti vya kimataifa vina maana kwetu?

Vina maana ukitaka kufanya kazi na vyama vya kimataifa. Kinachotajwa zaidi ni CMP (Certified Meeting Professional), cheti cha wapangaji wa mikutano kinachotolewa na Events Industry Council. Kilianza mwaka 1985. Hukipati kwa kuhudhuria semina ya siku mbili: lazima kwanza uonyeshe uzoefu wa kazi, kisha ufanye mtihani, na kila baada ya miaka 5 ukihuishe. Kwa anayeanza leo, kiweke mbali kidogo. Lakini tangu mkutano wako wa kwanza, hifadhi ushahidi wa kila kazi, yaani barua, ratiba na bajeti, kwa sababu siku ya kujaza fomu utavihitaji.

Ujue pia jina ICCA, chama cha kimataifa cha makongamano kilichoanzishwa mwaka 1963. Kwenye takwimu zake, ICCA huhesabu mkutano wa chama ulio na washiriki wasiopungua 50, unaofanyika kwa vipindi maalumu na kuzunguka angalau nchi 3. Hiyo ndiyo mikutano ambayo miji huipigania. Semina ya wafanyakazi wa kaunti, hata ikijaza hoteli nzima, haimo.

Sina uzoefu wala kumjua mtu. Nianzie wapi?

Meza ya usajili. Jitolee pale hata kwa chakula na nauli. Ukisimama hapo siku mbili utajua mkutano ulivyopangwa kuliko aliyekaa ndani ukumbini: nani hakulipa, nani alialikwa kwa mdomo na jina lake halipo, msafara wa nani umekuja na watu kumi badala ya watatu.

Na utajifunza vitu vidogo visivyofundishwa darasani. Foleni ya usajili kwa kawaida hugawanywa kwa herufi: A mpaka M huku, N mpaka Z kule. Fanya hivyo Mombasa uone. Abdalla, Ali, Ahmed, Mohamed, Mwinyi, Mwangi, Mutua na Mbarak wote wamejipanga upande mmoja mpaka mlangoni, na yule wa N mpaka Z anachezea simu. Mimi M huipa meza yake peke yake. Halafu andika beji kwa jina ambalo mtu huitwa, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka hatua tatu. Nembo ya mdhamini ikae chini, ndogo. Mdhamini atalalamika, mwache alalamike.

Bajeti naianzaje?

Anza kwa kutenga gharama zisizobadilika na zile zinazofuata idadi ya watu. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu: kongamano la siku mbili. Hoteli inataka shilingi 4,800 kwa mtu kwa siku, ndani yake mkiwa na ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana na maji. Hiyo ni 9,600. Beji, daftari na mfuko, 900. Kila mshiriki basi anakugharimu 10,500. Vipaza sauti na projekta, mabango, mshereheshaji, magari na simu za kamati jumla ni 400,000, aje mmoja au waje mia mbili.

Ukitoza ada ya 14,000, kila mtu anakuachia 3,500. Gawanya 400,000 kwa 3,500: unahitaji watu 115 ndipo usipate hasara. Ongeza asilimia 10 ya dharura juu ya zile gharama zisizobadilika, iwe 440,000, na idadi inapanda hadi 126. Sasa nenda kamati andalizi uwaulize swali moja: mwaka jana waliolipa walikuwa wangapi? Nauliza waliolipa. Wa kujiandikisha ni wengine. Jibu likiwa 90, mnazungumza tena kuhusu ada, au hoteli, au siku moja badala ya mbili.

Bei yoyote unayopewa, uliza kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 imo. Uliza pia ile tozo ya utalii ya asilimia 2, na malipo ya huduma. Bei tamu ya simu hubadilika sana ikifika kwenye karatasi.

Hoteli inataka nithibitishe idadi. Nikikosea je?

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, na ndipo ninapowaomba mtulie mnisikilize. Hoteli itakuuliza siku kadhaa kabla: mko wangapi? Idadi utakayoandika ndiyo utakayolipia hata wakija pungufu. Wakizidi, utalipia waliozidi juu yake.

Mimi niliwahi kuandika 180. Kamati ilikuwa na orodha ya 180, mwenyekiti aliapa 180, kundi la WhatsApp lilikuwa na watu 211. Waliokuja ni 141. Watu 39 mara 4,800 ni 187,200 kwa siku, na zilikuwa siku mbili: shilingi 374,400 za chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nilimwona mhudumu akirudisha trei za samosa jikoni, zimejaa, nikajua kila trei ina jina langu. Hoteli haikufanya kosa lolote. Sahihi ilikuwa yangu.

Tangu hapo nafanya hivi. Kwanza, nathibitisha kwa waliolipa, kisha naongeza wachache kwa makadirio yangu. Ahadi za mdomo siziingizi. Pili, kabla ya kutia sahihi namwomba meneja wa karamu aandike kwenye mkataba kwamba idadi inaweza kushuka kwa kiwango fulani mpaka tarehe fulani bila malipo. Wengi hukubali ukiomba mapema, na hakuna anayekubali ukiomba dakika za mwisho. Tatu, nauliza amana inarudishwa lini na kwa sababu gani. Kama jibu ni “tutaelewana”, naomba waandike namna tutakavyoelewana.

Yote haya kwa maandishi. Mombasa tunapendana, tunaitana kaka na dada, meneja alisoma na shangazi yako. Meneja huyo akihamishwa Nanyuki wiki moja kabla ya mkutano, aliyebaki anasoma karatasi.

Ukumbi nikague vipi?

Nenda saa ileile mkutano utakapokuwa. Ukumbi uliotulia asubuhi huenda alasiri ukapigwa na jua la magharibi, na skrini isionekane. Piga makofi katikati usikie mwangwi. Zima viyoyozi uone ukumbi unavukuta baada ya dakika ngapi. Februari hutahitaji kungoja. Uliza jenereta inawaka baada ya muda gani umeme ukikatika, na kama inabeba viyoyozi au taa tu.

Idadi iliyo kwenye kijitabu cha hoteli ni ya viti vilivyobanwa kama vya sinema, bila jukwaa, bila meza ya ukalimani, bila kamera. Kukaa hivyo kunataka kama mita moja ya mraba kwa mtu. Ukiweka meza za kuandikia, karibu uzidishe mara mbili. Ukumbi wa 300 basi, kwa mtindo wa darasa na jukwaa, ni ukumbi wa 150. Angalia pia mlango wa kiti cha magurudumu, na kama njia yake haipiti jikoni. Nimeona mtoa mada akipitishwa katikati ya masufuria.

Tarehe ipi inafaa Mombasa?

Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti hoteli za ufukweni hazina haja nawe, na bei zinakuambia hivyo. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Juni mvua za masika zinafukuza watalii, vyumba viko wazi, na wewe una nguvu ya kuongea bei. Ndiyo maana vyama vingi vya kitaaluma hukutana Pwani miezi ile: mvua haiingii ukumbini.

Ila kagua kalenda ya wengine. Wakuu wa shule za sekondari, kwa mfano, wana desturi ya kufanya kongamano lao la mwaka hapa, nao ni maelfu. Wiki yao hupati chumba Bamburi wala Shanzu, na tuktuk nazo zimepandisha bei.

Swala, Ramadhani na chakula nivipangeje?

Ijumaa, mapumziko ya mchana yaanze mapema, ikiwezekana saa sita na robo, na yasiishe kabla ya saa nane. Uliza msikiti uko wapi na kama watu watahitaji gari. Chumba cha kusalia kiwe na mkeka na mshale wa kibla, na maji ya udhu yasiwe ghorofa nyingine. Ramadhani unaweza kufanya mkutano, lakini maliza saa tisa, na ukiwa na kikao cha jioni, futari ndiyo ajenda ya kwanza. Tende na uji viwe mezani kabla ya adhana. Kutafutwa baada ya adhana ni aibu.

Kuhusu menyu nina upendeleo wangu. Wageni wa bara na wa nje wamekula kuku wa kuchoma wa hoteli mahali pengi. Asubuhi wape mahamri na mbaazi, alasiri viazi karai na kahawa tungu, uone watakavyorudi ukumbini wakitabasamu. Ila usiwape biriani mchana halafu ukapanga mada ya sheria ya kodi saa nane. Hakuna atakayekuwa macho.

Usafiri wa wajumbe?

Chora ramani kwanza. Uwanja wa ndege wa Moi uko upande wa bara, stesheni ya SGR iko Miritini, hoteli nyingi za mikutano ziko kaskazini kuanzia Nyali hadi Shanzu, na baina yao kuna kisiwa chenye msongamano na daraja la Nyali. Ukiwalaza wajumbe Diani na ukumbi uko Shanzu, siku yako itaishia barabarani au kwenye feri ya Likoni. Treni ya mchana kutoka Nairobi inaleta watu wengi kwa mkupuo mmoja; basi moja kubwa linalosubiri stesheni lina faida kuliko teksi ishirini.

Na kuna suala la saa. Nilimtumia dereva ujumbe: “Mgeni anafika 10.00, uwanja wa ndege.” Mgeni alitua saa nne asubuhi. Dereva, mtu mwadilifu kabisa, alifika saa kumi alasiri, shati limepigwa pasi, bango la jina mkononi. Nani wa kulaumiwa? Siku hizi naandika “saa nne asubuhi” kwa maneno na namwambia anirudishie kwa sauti yake. Ratiba ya wageni wa nje iwe kwa tarakimu, ya madereva na jikoni iwe kwa Kiswahili, na mtu mmoja azilinganishe usiku wa kuamkia.

Wateja wanataka chakula cha usiku ufukweni. Kuna ubaya?

Hakuna, ukimuuliza mvuvi. Wateja huchagua usiku wa mwezi mpevu kwa ajili ya picha, na mwezi mpevu ndio bamvua. Kwetu hapa maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku hizo, na bamvua hujaa alasiri. Kijana wangu alipanga meza kumi na mbili saa nne asubuhi, maji yamekupwa, ufuo mpana kama uwanja wa mpira. Saa kumi na moja kasoro, mawimbi yalikuwa yakilamba vitambaa vyeupe, na viti viwili vilikuwa vimeshaanza safari ya Lamu. Hatukupoteza mtu. Tulipoteza vitambaa, na mimi nililipa.

Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji kujaa na kupwa. Lisome kabla ya kusaini. Zingatia na upepo. Kusi ikishika kasi, mishumaa ni ndoto na bango la mdhamini linakuwa tanga.

Wageni wa heshima wakichelewa?

Watachelewa. Panga ufunguzi rasmi uwe baada ya mada ya kwanza, si kabla yake, na umwambie mapema msaidizi wa mheshimiwa kwamba wajumbe wataanza kazi saa mbili na nusu. Kamati zingine huona hivyo ni utovu wa adabu. Mimi naona kuwaweka wataalamu mia mbili wakitazama kiti kitupu ndio utovu. Itifaki yenyewe, nani atangulie kusalimia na nani akae kulia, usikisie: pigia ofisi husika, na andika vyeo kama walivyovitamka.

Ukalimani?

Wakalimani wa papo kwa papo hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mkalimani mmoja kwa siku nzima si kubana matumizi, ni kumtesa. Wapelekee hotuba mapema. Watoa mada watakuambia “nitazungumza kutoka kichwani”. Omba hata vichwa vya mada.

Nilipishe kiasi gani, na nilipweje?

Wengine hutoza ada maalumu, wengine asilimia ya bajeti. Napendelea ada maalumu, kwani ukilipwa asilimia, kila unapopunguza gharama unajikata mwenyewe. Chukua sehemu kabla hujaanza, sehemu katikati, na mabaki yasiwe makubwa kiasi cha kukunyima usingizi. Mashirika na taasisi watataka ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA), na watakata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa ada ya kitaalamu ya mkazi. Dai hati yake, maana ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Kamisheni ya siri kutoka kwa hoteli au mwenye vipaza sauti? Mwambie mteja wako. Mombasa ni ndogo.

Naruhusiwa kuwapiga picha wajumbe na kuwapa wadhamini orodha ya namba zao?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uwaambie watu unachukua nini na kwa nini. Weka swali la ridhaa kwenye fomu ya usajili. Orodha ya namba za simu usimpe mdhamini bila ridhaa hiyo, hata akiwa ndiye aliyelipia chakula.

Mifuko ya wajumbe ya plastiki?

Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Kikapu cha ukindu kutoka kwa kina mama kinapendeza zaidi, na wageni hukichukua mpaka nyumbani.

Mkutano umekwisha. Nami nimekwisha?

Bado. Hesabu vipaza sauti na nyaya kabla mwenyewe hajaja kuzihesabu. Tuma barua za shukrani wiki hiyohiyo. Na usiondoke hotelini bila kukaa na meneja wa karamu mpitie ankara mstari kwa mstari, usiku uleule, wahudumu wakiwa bado wanakumbuka. Kila siku ya mkutano ninasaini karatasi ya idadi ya waliokula, na nakala naiweka mfukoni. Mara moja karatasi hizo ziliniokoa: tulikuwa tumeandikiwa chai ya alasiri ya watu 60, siku ambayo wajumbe wote walikuwa Fort Jesus, na chai yao waliinywa kwa mama mmoja Mji wa Kale, vikombe shilingi ishirini.